Ndugu Yako Yuko Ndani: Nani wa Kuulizwa Nini

Mtu akikamatwa, watu wa nyumbani kwake huanza kujaa maswali kabla hawajajua wa kumuuliza. Yuko wapi? Amekula? Atatoka lini? Tutafute wakili au tusubiri kwanza? Wanakwenda kituo cha polisi wanaambiwa suala limeshafika mahakamani. Wanakwenda mahakamani wanaambiwa waulize gerezani. Gerezani wanajibiwa kwamba siku ya kutembelea ilikuwa jana. Majibu mengi wanayoyatafuta yapo, ila yameshikwa na ofisi tatu tofauti, na kila ofisi ina uwezo juu ya kipande chake tu.

Polisi hukamata na kupeleleza. Mahakama huamua kama mtu akae ndani au atoke, kwa masharti gani na kwa muda gani. Gereza humtunza aliyeletwa kwa amri ya mahakama: humlisha, humtibu, humlinda, na humtoa siku yake ikifika. Mkuu wa gereza hawezi kumpa mahabusu dhamana hata akimhurumia vipi. Hakimu hapangi saa za kutembelea. Mpelelezi hawezi kufuta hukumu. Familia ikilishika hilo, safari nyingi za bure zinakoma, na mtu akiwaahidi jambo lililo nje ya uwezo wa ofisi yake watajua wanatapeliwa.

Yuko wapi?

Nenda na majina yake kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, na mahali na saa alipokamatwa. Usiulizie kwa jina la utani. Watu hukaa siku nzima nje ya kituo ambacho ndugu yao yumo, kwa sababu tu jina lake limeandikwa kwa herufi tofauti au ametaja jina la babu badala ya la ukoo. Omba aliye mapokezi atafute kwa tahajia zote.

Ukishampata, uliza mambo manne na uyaandike hapo hapo: anatuhumiwa kosa gani, namba ya jalada ni ipi, mpelelezi wa kesi ni nani, na atafikishwa mahakamani lini. Baadaye utaongeza namba ya kesi, na akiingia gerezani, namba yake ya mfungwa. Tenga daftari moja kwa ajili ya kazi hiyo. Kila safari iandikwe tarehe, ofisi, jina la uliyezungumza naye na alichosema. Wiki ya kwanza daftari hilo huonekana usumbufu, lakini miezi ikipita ndilo linalomfanya wakili mpya aelewe kesi kwa nusu saa.

Hilo la lini atafikishwa mahakamani lina uzito kuliko mengine. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 unataka mtu aliyekamatwa kwa tuhuma za jinai afikishwe haraka mbele ya hakimu, na Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza mwaka 2014 kwamba kwa kawaida saa 48 zinatosha kumsafirisha na kuandaa shauri. Sheria ya kila nchi ina muda wake, kwa hiyo uliza wa kwenu ni saa ngapi. Ukipita bila maelezo, wakili anaweza kuiomba mahakama iamuru aletwe mbele yake na aliyemshikilia aeleze sababu.

Kama amekamatwa ugenini, Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli unampa haki ya kuomba ubalozi wa nchi yake ujulishwe bila kuchelewa. Ubalozi unaweza kumtembelea, kuifikishia familia habari zake na kumsaidia apate wakili. Hauwezi kumtoa, na hauwezi kusimama mahakamani kumtetea. Na kama ametoweka katika vita, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu hutembelea watu wanaoshikiliwa na kusafirisha ujumbe mfupi wa kifamilia kati yao na ndugu zao.

Hajahukumiwa, mbona bado yuko ndani?

Mahabusu na mfungwa wanaweza kulala chini ya paa moja, lakini mbele ya sheria hali zao ni tofauti kabisa. Mfungwa amehukumiwa. Mahabusu anasubiri kesi, na hana hatia mpaka mahakama iseme vinginevyo. Hapa inafaa kuzitaja Kanuni za Nelson Mandela, ambazo nitazirudia tena na tena. Ni kanuni za Umoja wa Mataifa za kiwango cha chini cha kuwatendea wafungwa. Zilipitishwa mara ya kwanza Geneva mwaka 1955, zikafanyiwa marekebisho na Baraza Kuu likazipitisha Desemba 2015 zikiwa kanuni 122. Hazina nguvu ya mkataba, na kila nchi ina sheria yake ya magereza, lakini ndizo kipimo wanachokitumia majaji, wakaguzi wa magereza na watetezi wa haki duniani kote.

Kwa mahabusu, kanuni hizo zinataka atengwe na waliohukumiwa, aruhusiwe kuvaa nguo zake mwenyewe zikiwa safi na za kufaa, na aweze kununuliwa chakula cha nje kupitia uongozi wa gereza, ndugu au marafiki, mazingira yakiruhusu. Akiwa na sababu ya msingi na uwezo wa kulipia, anaweza pia kuomba kutibiwa na daktari wake. Familia nyingi hazijawahi kuuliza kama hayo yanawezekana, na haki isiyoulizwa mara nyingi haitolewi.

Kinachoumiza zaidi kipindi hiki ni mahakama yenyewe. Familia imedamka alfajiri na kukaa benchi la nyuma. Jina linaitwa, ndugu yao anasimama kizimbani, mwendesha mashtaka anasema upelelezi haujakamilika na anaomba tarehe nyingine. Hakimu anaandika, anataja siku, na jina la mtu mwingine linaitwa. Yote hayo huchukua dakika chache. Mama anamtazama mwanawe akirudishwa mahabusu, na kwa kumtazama hakuisikia tarehe. Usiondoke hapo. Nenda kwa karani wa mahakama hiyo na namba ya kesi, muulize tarehe inayofuata, na uliza kama kesi inakuja kutajwa tu au kusikilizwa. Kesi ikitajwa, mahakama inaangalia imefikia wapi. Ikisikilizwa, mashahidi wanatoa ushahidi, na hiyo ndiyo siku ya kuhakikisha wakili yupo na waliotakiwa kuja wamekuja.

Kuhusu dhamana, elewa kwanza ni ya nini. Ni ahadi kwamba mshtakiwa atarudi mahakamani kila atakapoitwa, na kinachowekwa, kiwe fedha, hati ya mali au saini ya mdhamini, kinaishikilia ahadi hiyo. Akitimiza masharti mpaka kesi iishe, kilichowekwa mahakamani kwa kawaida hurudishwa. Akitoroka, mdhamini ndiye atakayeitwa, na anaweza kupoteza alichoweka. Kwa hiyo usimsainie mtu kwa aibu ya undugu kama moyo wako unakuambia hatarudi. Marekani kuna utaratibu mwingine: makampuni ya dhamana huilipia familia kwa ada ambayo mara nyingi ni asilimia 10 ya kiasi kilichopangwa, na ada hiyo hairudi hata mshtakiwa akishinda kesi.

Dhamana hulipwa kwa njia rasmi na hupewa stakabadhi. Hailipwi kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Matapeli hujua kuwa familia iliyochanganyikiwa haiulizi mara mbili, kwa hiyo hupiga simu usiku wakijiita askari au daktari wa gereza: kijana wako yuko mahututi, tuma fedha sasa hivi. Kata simu, kisha piga mwenyewe namba ya gereza uliyoipata ofisini kwao.

Dhamana ikikataliwa, muombe wakili akueleze sababu iliyotajwa na mahakama. Labda ni anwani isiyojulikana, au hofu kwamba ataingilia mashahidi, au uzito wa kosa. Sababu ya kwanza inaweza kurekebishwa kwa barua na mdhamini mwenye makazi yanayothibitika. Ombi linaweza kurudiwa mambo yakibadilika, au kupelekwa mahakama ya juu.

Na wakili? Mkataba ule wa 1966 unasema asiye na uwezo apewe wakili bila malipo pale haki inapodai hivyo. Nchi nyingi zina ofisi za msaada wa kisheria au mawakili wanaoteuliwa na mahakama, basi anzia hapo kabla ya kuuza mali. Jambo moja huwashangaza walipaji: hata kama ada imetoka mfukoni mwako, mteja ni yule aliye ndani. Wakili analazimika kutunza siri zake, hata kwako. Akikataa kukusimulia walichozungumza, usimuone ana dharau. Anamlinda ndugu yako.

Atatoka lini?

Miaka inayosomwa mahakamani na miaka inayotumikiwa mara nyingi si sawa, na familia ikipiga hesabu yake yenyewe huishia kuvunjika moyo. Pata kwanza nakala ya hukumu. Angalia kama kuna vifungo zaidi ya kimoja, na kama vinakwenda kwa pamoja au kimoja kinaanza kingine kikiisha. Mtu mwenye vifungo viwili vya miaka mitatu anaweza kukaa mitatu au sita kutegemea mstari huo mmoja. Uliza kama muda wa mahabusu umehesabiwa. Kisha uliza gerezani, ofisi inayotunza kumbukumbu za wafungwa, tarehe waliyoiandika kuwa ya kutoka, na kama kuna punguzo la tabia njema au utaratibu wa kutoka mapema chini ya uangalizi. Tarehe zako na zao zikipishana, makosa ya hesabu hutokea, na wakili anaweza kuomba zihakikiwe.

Rufaa ina muda wake, na muda huo huanza kuhesabika siku hukumu inapotolewa au siku chache baadaye. Hapa hapana nafasi ya kusubiri mpaka fedha ya wakili ipatikane. Katika nchi nyingi mfungwa mwenyewe anaweza kutoa taarifa ya kukata rufaa kupitia ofisi ya gereza, na hoja zikafuata. Mwambieni afanye hivyo mapema.

Tutamwona vipi?

Kabla ya safari ya kwanza, piga simu au nenda kuuliza siku za kutembelea, saa, idadi ya wageni wanaoruhusiwa, kitambulisho kinachotakiwa, mavazi yasiyokubaliwa, na vitu vinavyopokelewa. Magereza mengine hutaka jina lako liwe kwenye orodha aliyoiandika mfungwa mwenyewe. Mengine hutaka uweke miadi.

Utapekuliwa. Kanuni za Mandela zinasema mgeni akiingia gerezani amekubali kupekuliwa, na anaweza kuondoa ridhaa yake wakati wowote, ila gereza nalo linaweza kumzuia kuingia. Upekuzi usiwe wa kudhalilisha, na ule wa ndani ya mwili uepukwe, na kwa watoto usifanyike kabisa. Usikubali kumbebea mtu yeyote kifurushi, hata aseme ni sabuni tu. Kitakachokutwa ndani ya kifurushi kitakuwa chako.

Kisha unakaa. Pengine kuna kioo kati yenu na simu ya kuongelea, pengine wavu, pengine meza na askari amesimama karibu. Watu wengine wanapaza sauti pande zote. Dakika kadhaa za kwanza huishia kwenye kulia na kuangaliana, na mambo muhimu yanakumbukwa askari anapotangaza muda umekwisha. Ndiyo maana nashauri kila mgeni aende na maswali matatu kichwani: afya yako ikoje, tarehe ya kesi umeambiwa ni lini, unahitaji nini kinachoruhusiwa. Yakishaisha hayo, mpeni habari za nyumbani zilizo ndogo ndogo, nani amefaulu mtihani, nani amepata mtoto. Aliye ndani huzirudia hizo usiku.

Msizungumzie kesi. Simu za gerezani kwa kawaida hurekodiwa au kusikilizwa, barua husomwa, na maneno ya kumliwaza mtu yanaweza kusomwa mahakamani yakiwa na sura nyingine. Mazungumzo ya kesi ni ya wakili: Kanuni zinasema askari anaweza kuwaona yeye na mteja wake wakiongea lakini asiwasikie. Na mtu yeyote wa familia asimpigie shahidi wala mlalamikaji, hata kwa nia ya kuomba msamaha. Kitendo hicho kinaweza kumfutia mshtakiwa dhamana na kumfungulia mpigaji kesi yake mwenyewe.

Mkifika mkaambiwa hawezi kuonwa kwa sababu yuko kwenye adhabu, ulizeni ni kwa muda gani na ombeni jibu la maandishi. Kanuni ya 43 inakataza kutumia marufuku ya kuwasiliana na familia kama adhabu. Njia za mawasiliano zinaweza kubanwa tu kwa muda maalumu na pale usalama unapolazimu.

Anaumwa, au amepigwa

Gereza linapaswa kumpa mfungwa huduma za afya za kiwango kile kile kinachopatikana kwa jamii ya nje, bila malipo, na anayeingia aonwe na mhudumu wa afya mapema iwezekanavyo. Hapo familia ina kazi kubwa kuliko inavyodhani. Mwenye kisukari, kifafa, shinikizo la damu, au anayetumia dawa za kifua kikuu au za kupunguza makali ya VVU, anaweza kukatiza dozi siku ile ile ya kukamatwa kwa sababu dawa zilibaki kitandani. Peleka haraka karatasi ya daktari inayotaja ugonjwa, jina la dawa, kipimo na saa za kumeza, pamoja na namba ya simu ya kliniki yake. Dawa zenyewe zikabidhi rasmi. Mhudumu wa afya wa gereza ndiye anayeamua zitumikeje. Ikabidhi karatasi kwa mtu mwenye jina, baki na nakala, andika saa.

Taarifa zake za matibabu ni siri yake, hivyo muombe asaini kibali kinachomruhusu daktari kuzungumza na mmoja wenu. Akilazwa au kuumia vibaya, mkuu wa gereza anatakiwa kuwajulisha wale ambao mfungwa mwenyewe aliwataja kuwa wapewe taarifa. Kama jina lako halimo kwenye fomu hiyo hutapigiwa, hata kama wewe ndiye mke au baba. Mkumbusheni ahakikishe limeandikwa, na namba ya simu isiwe ya zamani.

Mkisikia anapigwa au anatozwa fedha na wafungwa wenzake, msikimbilie kupiga kelele kabla ya kumuuliza anataka nini. Yeye ndiye atakayelala na watu hao usiku huo. Lakini msinyamaze pia. Malalamiko yanaweza kwenda kwa mkuu wa gereza, kwa mkaguzi wa magereza, kwa mahakama au kwa tume ya haki za binadamu. Yeye au wakili wake wasipoweza kulalamika, Kanuni ya 56 inaruhusu mtu wa familia afanye hivyo. Andika tarehe, alama ulizoziona mwilini kwa macho yako, na maneno yake kama alivyoyasema. Kama hatari ni ya sasa hivi, omba ahamishwe alikolala, na uombe leo.

Watoto waambiwe nini?

Nina msimamo mkali hapa: waambiwe ukweli, kwa kipimo cha umri wao. Mtoto anayeambiwa baba amesafiri atajiuliza kwa nini hapigi simu, na wengi huamua wenyewe kwamba wamekosea jambo. Kisha ukweli huwafikia shuleni, kutoka mdomoni mwa mtoto mwingine. Wa miaka mitano anatosheka na kusikia: baba yuko mahali panapoitwa gereza, polisi wanasema alivunja sheria, hakimu ataamua, wewe hukufanya kosa lolote, na anakupenda. Mkubwa ataulizia zaidi, na ajibiwe.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 unampa mtoto aliyetenganishwa na mzazi haki ya kuwasiliana naye, isipokuwa ikimdhuru. Kwa akina mama waliofungwa kuna Kanuni za Bangkok za mwaka 2010. Zinataka mama apewe nafasi ya kupanga malezi ya wanawe kabla ya kuingia, ziara za watoto ziruhusu kukumbatiana, na mtoto anayeishi na mama yake gerezani asichukuliwe kamwe kuwa mfungwa.

Kukiwa na msiba nyumbani

Nelson Mandela alifiwa na mama yake mwaka 1968, na mwaka uliofuata mwanawe mkubwa, Thembi, akafa kwenye ajali ya gari. Mara zote mbili aliomba kwenda kuzika, na mara zote mbili akanyimwa. Kanuni zinazobeba jina lake leo zinasema, katika ya 70, kwamba mazingira yakiruhusu mfungwa aruhusiwe kwenda kumuona ndugu wa karibu aliye mahututi au kumzika, akisindikizwa au peke yake. Ombi lipelekwe saa zile zile, kwa maandishi, likiwa na uthibitisho wa hospitali au wa kifo, mahali na saa ya mazishi, na jina la mtu wa kupigiwa. Likikataliwa, omba walau apewe simu wakati wa mazishi na mtu wa dini amtembelee. Asije akaipata habari kwenye foleni ya chakula.

Mambo ya nje na siku ya kutoka

Msitumie kadi yake ya benki na namba ya siri hata kama aliwapa. Wakili anaweza kuandaa hati ya uwakilishi itakayomruhusu mmoja wenu kisheria kulipa kodi ya nyumba, kuzungumza na benki au kusaini mambo ya shule. Mwajiri naye aandikiwe mapema kuliko kumwacha asikie mitaani.

Siku ya kutoka, aende na orodha ya vitu alivyoingia navyo, iliyosainiwa alipopokelewa, na avikague kabla ya kusaini kuwa amerudishiwa. Adai vitambulisho vyake na karatasi ya kuachiwa. Kama ana ugonjwa wa kudumu, atoke na dawa za siku kadhaa na muhtasari wa matibabu, na miadi ya kliniki iwe imeshapangwa. Kama aliwahi kutumia heroini au dawa nyingine za jamii hiyo, jueni kuwa wiki mbili za kwanza nje ni za hatari kubwa: mwili uliokaa bila dawa hauwezi tena kipimo cha zamani, na wengi hufa kwa kurudia kile walichokizoea. Mwambieni wazi, na asiachwe peke yake siku hizo. Kama ameachiwa kwa masharti, someni pamoja karatasi ya masharti siku hiyo hiyo, mjue anaripoti wapi, kwa nani na saa ngapi, na mmoja wenu amsindikize mara ya kwanza.